Siku Shangazi Alipokuwa Mgeni

Shangazi yangu hajui kutulia kitini. Ukimkaribisha kiti atakishika mgongo, atakigeuza, atakipangusa, kisha atakuuliza kama kuna vyombo vya kuosha. Chakula chake hukila amesimama mlangoni, sahani mkononi, kama mtu anayechungulia mvua. Nilipokuwa mdogo nilidhani ameumbwa hivyo. Nilipomaliza chuo nikarudi kuishi kwake, nikisubiri kazi ambayo mpaka leo haijui ninapokaa, ndipo nilipoelewa kwamba hakuumbwa hivyo. Alifundishwa.

Anafanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli kubwa ya mapumziko, ile yenye mabwawa ya kuogelea na majani yanayomwagiliwa hata siku ya mvua. Huko chini, nyuma ya jiko, hakuna kiti hata kimoja. Si kwamba havikutosha. Vimekatazwa. Msimamizi wa ufuaji, mwanamume mwenye funguo nyingi kiunoni kuliko milango ya jengo lenyewe, ana msemo wake: anayekaa amemaliza kazi, na aliyemaliza kazi aende kwao. Shangazi amesimama humo tangu baba yangu akiwa kijana.

Kazi yake ni kwenye mashine ya pasi. Ni rola mbili ndefu za chuma zinazozunguka, zenye moto wa mvuke ndani. Mtu mmoja anasimama mbele, analisha vitambaa vya meza vikiwa bado na unyevu. Mwingine anasimama nyuma, anavipokea vimenyooka na kuvikunja kabla havijapoa. Ni mashine ya watu wawili. Ilitengenezwa hivyo, na kwa miaka mingi watu hao wawili walikuwa Shangazi na rafiki yake, mwanamke mnene mcheshi anayeitwa Redio kwa sababu hazimwi. Shangazi alilisha, Redio akapokea, na maneno ya Redio yakapita juu ya kelele za mvuke kutwa nzima: nani kaachika, nani kanenepa, meneja kavaa viatu gani.

Mwezi mmoja kabla ya haya ninayosimulia, Redio alifukuzwa. Miguu yake ilikuwa imevimba, mishipa imemtoka kama kamba chini ya ngozi. Mumewe, ambaye ni seremala, akamtengenezea kigoda kirefu cha kufika kwenye mashine. Redio akaja nacho kazini. Msimamizi akakitoa nje. Kesho yake akaja nacho tena. Kikatolewa tena. Siku ya tatu aliingia nacho, akakiweka, akakaa, akaendelea kukunja vitambaa bila kupunguza kasi, na alipoambiwa ainuke alijibu, "Njoo uniinue." Basi. Ukaidi kazini. Akatolewa yeye na kigoda chake.

Toka siku hiyo Shangazi analisha mashine mbele, anaizunguka mbio, anapokea nyuma, anarudi mbio mbele. Jioni akirudi nyumbani anatembea kama mtu aliyeshuka merikebuni. Alikwenda kwa msimamizi kumwombea mwenzake, akaambiwa afuate utaratibu. Akauliza utaratibu ni upi. Akaambiwa utaratibu ni msimamizi.

Mimi damu ilichemka. Nilimwambia tuandike, tupeleke mbele, tukusanye saini za wafuaji wote, ikibidi mashine zizimwe siku nzima tuone wageni watalalia nini.

"Msomi," akasema, maana hilo ndilo jina langu kwake ninapomchosha, "umemaliza?"

"Sijamaliza."

"Ukimaliza niambie. Nina jambo."

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Hoteli ile ina desturi: mfanyakazi akidumu miaka mingi bila doa, anaalikwa na mtu wake mmoja kula chakula cha mchana kwenye mgahawa wa steki, ule wa juu, ambao vitambaa vyake Shangazi anavipiga pasi lakini hajawahi kuviona vimetandikwa. Anaingia kwa mlango wa mbele. Anahudumiwa kama mgeni yeyote. Anapigwa picha ya kubandikwa ukutani kwenye ukumbi wa wafanyakazi. Zamu yake ilikuwa imefika.

"Hongera," nikasema, bila furaha. "Wanakuvunja mgongo, halafu wanakupa nyama."

"Sikiliza basi, baba. Meneja hupita kila meza. Hupita mwenyewe, kwa miguu yake. Na kila mgeni humuuliza swali lile."

Swali lile nililijua hata mimi, kwa jinsi Redio alivyokuwa akiliigiza. Meneja huweka mikono nyuma, huinamisha kichwa kidogo, na husema: "Kuna lolote tungeweza kulifanya vizuri zaidi?"

"Miaka yote hii," Shangazi akasema, "hajawahi kuniuliza mimi. Anauliza wageni. Sasa, Jumatano, mimi ni mgeni."

Nilimtazama. Alikuwa amesimama mlangoni na sahani yake, na macho yake yalikuwa yanang'aa.

*

Jioni ya kuamkia siku ile Redio alikuja kwetu na mkoba wake mweusi wa harusini, akamwazima Shangazi. Alikuja pia kumfundisha.

"Kaa pale. Mimi ni meneja." Akaweka mikono nyuma, akatoa kitambi mbele, akatembea chumbani akizungusha macho kwenye kabati, jiko na beseni la nguo kana kwamba ni meza za wageni. Akafika kwa Shangazi. "Habari za mchana, mama?"

Shangazi akasimama.

"Keti, wewe! Mgeni hasimami!"

"Nimesahau."

"Tuanze upya." Redio akarudi mlangoni, akaja tena. "Habari za mchana, mama?"

Shangazi akasimama tena. Safari hii alichukua na kikombe changu cha chai.

Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Walirudia na kurudia. Redio alimshika mabega akamkandamiza kitini. Alimfunga na kanga yake kwenye mgongo wa kiti, mzaha ule wa watu waliosimama pamoja maisha yao yote. Hatimaye Shangazi alifaulu kubaki amekaa, ameshika meza kwa mikono miwili, na kusema maneno aliyokwisha kuyapanga: "Ndiyo, bwana meneja, lipo. Mrudishe mwenzangu, na kigoda chake."

"Vizuri," akasema Redio. Kisha akanyamaza, na Redio akinyamaza chumba huwa kikubwa ghafla. "Mwenzangu, nyumbani nimekaa mpaka nimechoka kukaa. Nataka kukaa kazini."

Alipotoka, Shangazi alinigeukia. "Na wewe. Kazi yako kesho ni kula. Sitaki hotuba."

"Hata neno moja?"

"Neno moja ni la kumshukuru mhudumu."

*

Tulipofika, miguu ya Shangazi ilimpeleka kwenye geti la nyuma, la wafanyakazi. Nilimshika mkono nikamgeuza. Kwenye mlango wa mbele mlinzi alikuwa mtu anayesalimiana naye kila alfajiri, lakini siku ile alitufungulia kioo kile kikubwa, akapiga saluti, akasema "Karibuni wageni" kwa sauti rasmi, kisha kwa pembe ya mdomo: "Umependeza, mama. Usiwaachie hata mfupa."

Mgahawa ulikuwa na kuta za mbao nyeusi na ubaridi wa kutengenezwa. Upande mmoja kulikuwa na kioo, na nyuma ya kioo moto, na mbele ya moto wapishi wenye kofia wakigeuza nyama kwa koleo ndefu. Visu vya mezani vilikuwa vizito, vya mpini wa mbao. Tulipewa meza ya dirishani, na nje ya dirisha mtu alikuwa akipunguza ua kwa mkasi mkubwa huku jua likimpiga utosini. Niliona jinsi mahali pale palivyopangwa: anayekula asimwone anayefua, na anayeonekana aonekane kama sehemu ya mandhari. Nilifungua mdomo. Shangazi akanitazama. Nikaufunga.

Mhudumu wetu alikuwa kijana mwembamba wanayemwita Kipepeo, kwa anavyopita katikati ya meza bila kugusa kitu. Alimvutia Shangazi kiti. Shangazi akakishika kiti naye, wakawa wanavutana.

"Mama, niachie mimi."

"Nakusaidia."

"Leo hunisaidii, mama. Leo unaniumiza kichwa tu kama wageni wengine."

Akakaa. Akakaa ukingoni kabisa, kama kuku juu ya waya. Kitu cha kwanza alichofanya ni kupitisha kiganja juu ya kitambaa cha meza, taratibu, mpaka kwenye pindo. Alikuwa akisoma kazi yake mwenyewe. Akainua kitambaa kidogo cha kufutia mdomo, akakikunjua, akakitazama ukingo wake, uso ukabadilika, akakikunja tena.

"Ukidondosha mchuzi hapa," akaniambia, "ujue unamdondoshea shangazi yako."

Nikala mlo mzima nimeinamia sahani kama mnyama.

Kipepeo alikuja na ubao wenye vipande vya nyama mbichi, vikubwa, vyekundu, akatuonyesha kimoja kimoja na kutueleza kimetoka sehemu gani ya ng'ombe.

"Mbona ananionyesha mbichi?" Shangazi akaninong'oneza. "Mimi si daktari wake."

"Unachagua."

"Nachagua iliyoiva."

"Iive kiasi gani, mama?" Kipepeo akauliza.

"Iive, mwanangu. Iive mpaka isahau ilikotoka."

Mimi, kwa kutaka kuonekana nimeshazunguka duniani, nilisema yangu iwe nyekundu katikati. Ililetwa. Nilipoikata ilitoa maji mekundu yakazunguka viazi. Shangazi akasogeza kichwa, akaichunguza kwa makini.

"Msomi, ng'ombe wako bado anahema."

"Ndivyo inavyoliwa."

"Basi mle mapema, kabla hajasimama."

Kipepeo aligeuka haraka kuficha meno yake. Nyama ile niliitafuna kwa ajili ya heshima. Ya Shangazi ilikuwa laini, imekolea moshi na pilipili manga, na alinikatia kipande akanitilia kwenye sahani yangu kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa sijaota meno ya mbele. Lakini yeye mwenyewe hakuwa akiionja kweli. Alikata, akatafuna, akatazama mlango. Miguu yake chini ya meza ilikuwa inapiga sakafu, kisigino kwa kisigino, mwendo wa mtu anayezunguka mashine. Mara akainua shingo kusikiliza mlango wa jikoni ukigonga. Mara akaokota kijiko ambacho hakikuanguka. Mpiga picha alikuja, akatuambia tutabasamu, akaondoka, na kwenye tabasamu lile naapa Shangazi alikuwa akitazama pembeni.

Ndipo meneja akaingia.

Suti ya kijivu, uso wa upole. Sitasema alikuwa mtu mbaya. Laiti angekuwa, hasira yangu ingekuwa na mahali pa kutua. Alianza meza za mbali. Mikono nyuma, kichwa kimeinama kidogo. Tulimsikia: "Kuna lolote tungeweza kulifanya vizuri zaidi?" Watu wakasema hakuna, hakuna, kila kitu kizuri. Akasogea. Shangazi aliweka kisu chini. Alishika meza kwa mikono miwili, kama walivyofanya mazoezi. Midomo yake ilikuwa inapita kwenye maneno bila sauti.

Meneja akamaliza meza iliyo mbele yetu. Akageuka. Macho yake yakakutana na ya Shangazi, akatabasamu, akapiga hatua kuja.

Na Shangazi akasimama.

Akasimama wima, kama alivyosimama kila mara mtu mwenye tai alipoingia kwenye chumba cha kufulia. Na kwa kuwa tayari amesimama, mikono nayo ikatafuta kazi. Akachukua sahani yake, akachukua yangu na ng'ombe wangu ndani yake, akaweka visu juu, na kabla sijamshika nguo alikuwa ameshapita ubavuni mwa meneja kwa "samahani, bwana", ameusukuma mlango wa jikoni kwa nyonga, kwa ustadi mkubwa, na ametoweka.

Nilibaki na meza tupu na meneja.

"Mama yako ana haraka," akasema kwa wema.

"Shangazi yangu."

"Kuna lolote tungeweza kulifanya vizuri zaidi?"

Kichwa changu kilijaa. Nilikuwa na ya kusema ya kutosha kumsimamisha pale mpaka viti vipandishwe juu ya meza. Lakini neno nililoruhusiwa lilikuwa moja, na shauri lile halikuwa langu. Lilikuwa la watu wawili waliosimama.

"Anarudi sasa hivi," nikasema.

"Basi mfurahie." Akagonga meza kidogo kwa vidole, akaenda meza ya pili, ya tatu, akatoka.

*

Shangazi alirudi mikono mitupu, amelowa vidole. Alisema baadaye kwamba mwosha vyombo alizipokea sahani, akasema "Asante, dada," na hakuinua hata macho. Alipokuja kuyainua na kumwona ana mkoba wa harusini begani, alidondosha sufuria.

"Ameshakuja?"

"Ameshakuja."

"Ameuliza?"

"Ameuliza."

Akakaa. Safari hii alikaa mzima, mpaka mgongo ukagusa kiti, lakini si kwa raha. Alikaa kama gunia lililotupwa.

"Miguu imeniuza," akasema. "Miguu yangu mwenyewe. Nitamwambia nini yule mwanamke? Kwamba niliondoa vyombo?"

Nilitaka kumwambia kwamba si miguu yake, ni miaka waliyoifundisha. Lakini hakuwa ananisikiliza. Alikuwa amekichukua kile kitambaa kidogo, amekikunjua tena, anakitazama ukingo. Upande mmoja ulikuwa umevutika, na kwenye pembe palikuwa na alama ya hudhurungi, ndogo, ya kitu kilichokaa kwenye moto muda kidogo kuliko inavyotakiwa. Alikitazama muda mrefu. Kisha akafanya kitu ambacho hakuwa amewahi kukifanya maishani mwake. Aliinua kidole hewani, kama wanavyofanya wageni.

Kipepeo alitua. "Mama?"

"Mwite meneja."

"Ameshapita, mama."

"Mwambie mgeni wa meza ya dirishani ana lalamiko."

Rangi ilimtoka yule kijana. Katika hoteli ile hakuna neno linalokimbia kama lalamiko. Lalamiko la mgeni husikilizwa kabla mgeni hajaondoka. Hilo wanafundishwa siku ya kwanza, kabla hata ya kuonyeshwa choo kilipo.

"Mama, tafadhali. Likitoka mezani kwangu..."

"Si lako, mwanangu. Nitasema mbele yako kwamba si lako. Nenda."

Akaenda, na hakwenda kama kipepeo.

Meneja alirudi kwa hatua ndefu, tabasamu limekaa vizuri. Nilimtazama Shangazi. Nyonga zake zilikuwa zimeshainuka kidogo kutoka kwenye kiti. Niliona mishipa ya shingo, niliona mikono ilivyoubana ukingo wa meza mpaka glasi zikagongana. Nyonga zikashuka. Akabaki amekaa.

"Nasikia kuna jambo halikukupendeza, mama."

"Kitambaa hiki," akasema. Sauti ilikuwa nyembamba. "Kimevutika. Na kimeungua. Kijana huyu hana kosa, nyama ilikuwa nzuri. Nalalamikia kitambaa."

Meneja alikipokea, akakigeuza. "Pole sana. Tutakubadilishia mara moja." Kisha akamtazama vizuri, akakumbuka ni nani aliyekaa mbele yake, akacheka kidogo. "Lakini mama, si wewe unayepiga pasi vitambaa hivi?"

"Ni mimi."

"Kwa hiyo unalalamikia kazi yako mwenyewe?"

"Naikataa," akasema Shangazi. "Miaka yote hiyo haikuwa hivi, ndiyo maana mkaniita hapa. Ile ni mashine ya watu wawili. Mwenzangu amefukuzwa kwa kukaa. Hakuacha kazi, hakuiba, alikaa. Sasa nalisha mwenyewe na kupokea mwenyewe, na nikichelewa hatua moja kitambaa kinaungua. Vingine vimeungua kuliko hiki. Viko kwenye meza zako."

Kwenye meza ya jirani, bibi mmoja mgeni aliyekuwa akisikiliza kwa shingo nzima alikikunjua kitambaa chake taratibu, akakiangalia pembe zote nne. Mumewe naye akaangalia cha kwake. Meneja aliliona hilo.

Akashusha sauti. "Mambo ya kazi, mama, tuyazungumze ofisini."

"Ofisini mimi ni mfuaji. Nitaambiwa nifuate utaratibu. Hapa mlisema mimi ni mgeni. Niulize lile swali."

"Swali gani?"

"Lile unalowauliza."

Meneja alinitazama mimi, labda akitafuta mtu mwenye busara. Alikosea meza. Kisha, na hili nampa haki yake, aliweka mikono nyuma.

"Kuna lolote tungeweza kulifanya vizuri zaidi?"

"Lipo, bwana meneja. Mrudishe mwenzangu, na kigoda chake."

"Kigoda?"

"Ndicho alichofukuziwa."

Niliona kwamba hakujua. Jina lilipita mbele yake pamoja na mengine, akaweka saini, akaenda kuuliza wageni kama mchuzi umekolea. Kwangu mimi kutojua huko ni kubaya kuliko ukatili, lakini sikusema.

"Aje anione," akasema hatimaye.

"Lini? Wageni huwa mnawajibu kabla hawajaondoka."

"Jumatatu asubuhi."

"Na kigoda?"

Akashusha pumzi. "Na kigoda."

Dakika chache baadaye Kipepeo alileta sahani ya keki ndogo, imeandikwa kwa sukari ya kahawia "Tuwie radhi". Ndivyo wanavyomtuliza mgeni aliyelalamika. Shangazi aliiangalia, akauliza kama inafungika. Tuliondoka nayo ndani ya mkoba wa harusini, na Redio aliila yote jioni ile, hadi neno la mwisho, akitaka asimuliwe upya kila alipofika kwenye "Naikataa".

*

Sitadanganya kwamba dunia iligeuka. Jumatatu Redio aliwekwa getini na kigoda chake kichwani mpaka jua likapanda, kwa sababu msimamizi hakuwa ameambiwa, au alisema hakuambiwa. Alipoingia alipewa masharti: kigoda ni kimoja, wakae kwa zamu, na siku ya ukaguzi kifichwe kwenye stoo. Na ile picha ya Shangazi haikubandikwa ukutani. Picha za wenzake waliowahi kualikwa zipo zote, wanatabasamu na visu vyao. Niliposikia nilisema twende tukadai. Nilisema mengi. Shangazi alikuwa akichambua mboga, amesimama.

"Picha ya nini?" akasema. "Sura yangu naijua."

Wiki iliyofuata alisahau miwani yake nyumbani, nikaipeleka. Mlinzi alinipitisha nyuma, nikashuka ngazi mpaka kwenye mlango wa chumba cha kufulia. Joto lilinipiga kifuani kama mtu. Mvuke ulikuwa unapiga kelele, na juu ya kelele niliisikia Redio imewashwa, inaeleza habari za harusi ya mtu fulani na shemeji aliyekuja bila zawadi. Alikuwa amekaa nyuma ya mashine, mikono inakunja, inapanga, inakunja. Shangazi alikuwa mbele, analisha.

"Zamu yako," Redio akasema, akainuka, akakisukuma kigoda kwa mguu.

"Kaa tu, bado kidogo."

"Zamu yako! Unataka nikufunge na kanga tena?"

Wakabadilishana upande. Shangazi alikishika kile kigoda, akakigeuza, akakipangusa. Akakaa ukingoni. Kitambaa kikaja, akakipokea, akakikunja. Kikaja cha pili. Mgongo ulikuwa unaanza kulegea.

Nyayo zikasikika kwenye korido, za viatu vya soli ngumu, na mlio wa funguo. Shangazi akainuka nusu, kitambaa mkononi, macho mlangoni.

Redio hakugeuka. Aliendelea kulisha mashine, mkono mmoja akauweka nyuma ya mgongo, akatoa kitambi mbele.

"Keti, mama," akasema kwa sauti ya meneja.

Funguo zikapita. Shangazi akakaa.